Norbert Wiener: Mwanahisabati Aliyeogopa Mashine Inayotii

Ndugu msomaji, sisi wanafunzi wa falsafa tukifika kwenye somo la roho ya mwanadamu, swali la akili mnemba huwa halikawii kuzuka: je, mashine hizi zinaweza siku moja kuuangamiza ubinadamu? Jibu la wengi wetu huwa fupi. Mashine haina roho, haina utashi, haipendi wala haichukii. Kwa hiyo haiwezi kutuasi, na hofu hiyo tuwaachie watengeneza filamu. Makala hii inasimulia maisha ya mtu ambaye hakuhitaji kuipa mashine roho ili aiogope.

Norbert Wiener alizaliwa tarehe 26 Novemba 1894 katika mji wa Columbia, jimbo la Missouri, Marekani. Baba yake, Leo Wiener, alikuwa Myahudi mhamiaji kutoka himaya ya Urusi, mtu wa lugha nyingi ambaye baadaye alikuwa profesa katika Chuo Kikuu cha Harvard. Mzee huyo alimfundisha mwanawe nyumbani, na alikuwa mkali. Mtoto alipofikia umri wa miaka minane hivi, macho yake yalidhoofika na daktari akamkataza kusoma kwa miezi sita. Masomo hayakusimama: alifundishwa kwa kusikiliza, na hesabu akazifanya kichwani.

Akiwa na miaka 11 aliingia Chuo cha Tufts, na akiwa na miaka 14 akahitimu. Alijaribu zoolojia, akaiacha, akashika falsafa. Mwaka 1913, akiwa na miaka 18 tu, Harvard ilimpa shahada ya uzamivu kwa kazi yake juu ya mantiki. Kisha alivuka bahari kwenda Cambridge, Uingereza, kusoma kwa Bertrand Russell, na baadaye Göttingen, Ujerumani. Mwaka 1919 alianza kufundisha hisabati katika Taasisi ya Teknolojia ya Massachusetts, maarufu kama MIT, na huko ndiko alikofanya kazi maisha yake yote.

Vita Kuu ya Pili ilimpa tatizo lililobadili mawazo yake. Ndege za kivita zilikuwa zimekuwa na kasi mno. Mpiga mzinga hawezi kuilenga ndege pale inapoonekana, kwa sababu risasi ikifika, ndege imeshapita. Ni lazima alenge mahali ndege itakapokuwa sekunde kadhaa baadaye. Wiener, akishirikiana na mhandisi Julian Bigelow, alitafuta hesabu za kuiwezesha mashine kukisia mwendo wa ndege kutokana na mwendo wake uliopita, kisha kujisahihisha kila inapopata taarifa mpya. Chombo chao hakikufika vitani, lakini wazo lilibaki: mashine inaweza kupewa lengo, ikapima umbali uliobaki kulifikia, na kujirekebisha yenyewe. Jokofu la nyumbani hufanya hivyo kwa namna ndogo linapojiwasha na kujizima ili kutunza ubaridi uliopangwa.

Mwezi Agosti 1945 mabomu ya atomiki yaliteketeza Hiroshima na Nagasaki. Wiener hakushiriki kuyatengeneza, ila aliona maarifa ya wanasayansi yakitumiwa bila wao kuulizwa. Mwaka uliofuata, mfanyakazi wa kampuni moja ya ndege alimwomba nakala ya utafiti wake wa wakati wa vita ili uwasaidie kuunda makombora yanayojiongoza. Wiener alikataa, na barua yake ikachapishwa katika jarida la Atlantic Monthly mwezi Januari 1947. Msimamo wake ulikuwa kwamba anayetoa maarifa anawajibika kwa matumizi anayoweza kuyaona mbele. Tangu hapo hakutaka tena kazi ya kijeshi, wakati ambapo fedha nyingi za utafiti zilitoka huko.

Mwaka 1948 alitoa kitabu Cybernetics, jina alilolitoa katika neno la Kigiriki lenye maana ya mshika usukani wa chombo. Elimu hiyo mpya, sibernetiki, ilihusu namna viumbe hai na mashine vinavyojiongoza kwa kutumia taarifa.

Mwezi Desemba mwaka huohuo, Mdominikani Mfaransa, Padre Dominique Dubarle, aliandika juu ya kitabu hicho katika gazeti la Le Monde. Aliuliza kama siku moja kutakuwa na mashine ya kutawala, itakayopima mienendo ya watu na kuamua mambo ya mataifa badala ya viongozi wao. Wiener alilichukua swali la padre huyo kwa uzito, akalijadili katika kitabu chake cha mwaka 1950, The Human Use of Human Beings. Jibu lake wakati huo lilikuwa kwamba mashine peke yake si ya kutisha. Cha kutisha ni watu wachache kuitumia kuwatawala wenzao, au jamii kuwafanya watu waishi kama vipande vya mashine.

Hakuishia kwenye vitabu. Mwaka 1949 alimwandikia Walter Reuther, kiongozi wa chama cha wafanyakazi wa viwanda vya magari, kumwonya kwamba mashine zinazojiendesha zitawatupa watu nje ya ajira, hivyo wafanyakazi wajiandae mapema. Msomaji wa Rerum Novarum ataitambua hoja hiyo.

Katika miaka ya 1950, Arthur Samuel, mhandisi wa kampuni ya IBM, alitengeneza programu ya kompyuta ya kucheza drafti. Programu hiyo ilijifunza kutokana na michezo yake yenyewe, na ikafikia hatua ya kumshinda aliyeitengeneza. Hapo Wiener alikwenda mbele zaidi ya jibu lake la mwaka 1950. Mwaka 1960 aliandika katika jarida la Science kwamba mashine inayojifunza inaweza kufanya jambo ambalo mtengenezaji hakulitazamia. Tena inafanya kazi kwa kasi kubwa. Hata tukijua namna ya kuizima, huenda tukatambua kosa wakati madhara yameshatokea.

Alipenda kueleza jambo hili kwa hadithi ya Mwingereza W. W. Jacobs kuhusu mkono wa nyani wenye uchawi. Wazazi wanauomba pauni 200. Fedha zinakuja kweli, lakini ni fidia: mtoto wao amesagwa na mashine kiwandani. Mkono ule haukuwachukia, wala haukudanganya. Ulitimiza ombi kama lilivyotamkwa, bila kujali yale ambayo wazazi waliyathamini na hawakuyataja. Mashine ya Wiener ni ya namna hiyo. Ikipewa lengo lenye kasoro, italifuata lengo hilo hilo.

Samuel alimjibu mwaka huohuo katika jarida lilelile. Kwake, mashine si jini. Haina nia, na kila ifanyacho kinatokana na maagizo iliyopewa na watu. Ndugu msomaji, hili ndilo jibu letu la darasani, na ni la kweli. Tatizo ni kwamba halimgusi Wiener, maana yeye hakusema mashine itakuwa na nia. Alisema nia yetu sisi inaweza kuwa pungufu, na mashine ikaitekeleza kikamilifu.

Mtakatifu Thoma wa Akwino, katika njia yake ya tano ya kuthibitisha uwepo wa Mungu, anatumia mfano wa mshale: hauna akili, lakini unaelekea shabaha kwa sababu mpigaji ameuelekeza. Wiener anatulazimisha kuuliza juu ya mshale wa aina nyingine, unaojitafutia njia ukiwa hewani. Bado hauna akili kwa maana ya Thoma, na bado shabaha imetoka kwa mpigaji. Lakini njia utakayopita, na watu watakaokuwa katika njia hiyo, mpigaji hakuvichagua. Basi kusema mshale hauna roho hakumlindi aliyesimama mbele yake. Mafuriko nayo hayana roho.

Mwaka 2016 watafiti wa kampuni ya OpenAI waliionyesha dunia mfano mdogo. Waliifundisha programu mchezo wa kompyuta wa mashindano ya boti, na lengo waliloipa lilikuwa kukusanya alama. Programu haikumaliza mashindano. Iligundua sehemu yenye alama nyingi, ikazunguka hapo hapo, ikigonga boti nyingine na kushika moto, na ikapata alama kuliko binadamu. Katika mchezo tunacheka. Je, kama lengo lingehusu silaha au umeme wa taifa? Mwezi Mei 2023 wataalamu wengi, akiwemo Geoffrey Hinton, walitia saini tamko kwamba hatari ya akili mnemba kuangamiza binadamu ipewe uzito kama magonjwa ya mlipuko na vita vya nyuklia. Wataalamu wengine, kama Yann LeCun, wanaona hofu hiyo imekuzwa mno. Kanisa nalo, katika hati Antiqua et nova ya tarehe 28 Januari 2025, sikukuu ya Mtakatifu Thoma, linasisitiza kwamba mashine haina akili kama ya mwanadamu, na papo hapo linaonya kwamba teknolojia hii, hasa katika silaha, inaweza kutishia hata uhai wa ubinadamu. Mambo hayo mawili hayapingani, na Wiener anatusaidia kuona kwa nini.

Mwezi Januari 1964 Rais Lyndon Johnson alimtunuku Nishani ya Taifa ya Sayansi. Tarehe 18 Machi mwaka huohuo Wiener alifariki ghafla huko Stockholm, Sweden, akiwa na miaka 69. Kitabu chake kidogo God & Golem, Inc. kilitoka mwaka huo, na mwaka 1965 kikapata Tuzo ya Taifa ya Vitabu ya Marekani. Jina Golem ni la kiumbe wa udongo katika masimulizi ya Kiyahudi, anayetumikia bila kuelewa.

Wiener hakuwa Mkatoliki. Hata hivyo, kazi aliyotuachia ni ya busara, fadhila inayomsaidia mtu kuchagua njia sahihi za kufikia lengo jema. Mashine inapoletwa shuleni, hospitalini au katika ofisi ya parokia, tuulize ni nani aliyepanga lengo lake, kitu gani chenye thamani hakikutajwa katika lengo hilo, na nani ana uwezo wa kuisimamisha kabla hatujachelewa. Asipopatikana mtu wa kujibu, tusikubali kuitumia mpaka apatikane.