Funakoshi: Mwalimu wa shule aliyeanza upya akiwa na miaka 53

KIWANDA cha sukari cha Ramisi kilipofunga milango yake mwaka 1988, wanaume waliokuwa wameingia utu uzima katika mashamba ya miwa ya Msambweni walirudi makwao na mikono iliyozoea kazi moja tu. Mwaka 2020, janga la korona lilipozifunga hoteli za Diani, wapishi, walinzi na wahudumu waliotumikia miaka mingi walijikuta wakihesabu siku barazani. Na mwezi Desemba 2024, uchimbaji wa madini ya titani katika Kaunti ya Kwale ulipofikia kikomo, swali lile lile lilibisha hodi tena. Mtu aliyekaribia au kuvuka miaka 50, mwenye watoto shuleni na wazazi wa kutunza, aanzie wapi?

Jibu mojawapo, ambalo halikosi uchungu wake, limo katika maisha ya mzee mmoja ambaye picha yake hutundikwa ukutani katika kumbi nyingi za karate duniani. Wanafunzi wa mtindo wa Shotokan huiinamia picha hiyo kabla ya mazoezi, na pengine wengi wao hawajui kwamba mzee huyo alipoanza kazi iliyompa jina alikuwa na umri wa miaka 53, hana mshahara, na analala katika chumba kidogo karibu na lango la bweni la wanafunzi.

Gichin Funakoshi alizaliwa mwaka 1868 mjini Shuri, katika kisiwa cha Okinawa, kusini kabisa mwa Japani. Mtu wa Gazi au Vanga angekielewa kisiwa hicho upesi. Kilikuwa kitovu cha ufalme wa Ryukyu, dola ndogo ya mabaharia na wafanyabiashara waliosafiri kwa pepo za msimu hadi China na nchi za kusini, wakijua namna ya kuishi katikati ya wakubwa wawili bila kumezwa na yeyote. Mwaka 1879 Japani iliumeza. Ufalme ukafutwa, mfalme akahamishiwa Tokyo, na Okinawa ikawa mkoa kama mikoa mingine.

Huku kwetu, Waingereza walipotangaza himaya yao mwaka 1895, Sheikh Mbaruk bin Rashid wa Gazi alipigana nao misituni hadi alipovuka mpaka mwaka 1896 na kujisalimisha kwa Wajerumani. Okinawa haikupigana vita vya namna hiyo. Ukaidi wa watu wake ulikaa kichwani, katika kishungi cha nywele ambacho wanaume walikifunga utosini kama alama ya heshima na utu uzima, na ambacho serikali mpya ilitaka kikatwe.

Kishungi hicho ndicho kilichoamua kazi ya kwanza ya Funakoshi. Alitaka kuwa daktari. Alibadilisha hata mwaka wake wa kuzaliwa katika hati, ukawa 1870, ili aruhusiwe kufanya mtihani wa kuingia chuo cha udaktari Tokyo, naye akafaulu. Lakini chuo hakikupokea wenye vishungi, na ukoo wake, wa watu wa tabaka la juu walioshikilia mila, haukukubali akikate. Ndoto ikafia hapo. Miaka michache baadaye, mwaka 1888, alipopata nafasi ya ualimu msaidizi katika shule ya msingi, alikikata. Baba yake alighadhibika, naye mama yake hakutaka hata kumtazama.

Mtoto huyo alikuwa amezaliwa kabla ya siku zake, dhaifu, na wengi hawakutarajia angeishi sana. Alilelewa na babu na bibi wa upande wa mama. Baba yake alikuwa fundi wa kupigana kwa fimbo, sanaa ambayo mtazamaji wa kirumbizi cha Waswahili angeitambua mara moja, ila pia alikuwa mlevi aliyeyanywa mali ya ukoo hadi yakaisha. Kilichomwokoa kijana ni rafiki wa shuleni, mtoto wa Anko Azato, mmoja wa mabingwa wakubwa wa karate kisiwani.

Wakati huo karate haikuwa na ukumbi wala sare wala mikanda ya rangi. Ilifundishwa usiku, kwa siri. Funakoshi alishika kandili na kutembea gizani hadi nyumbani kwa Azato, na alfajiri akarudi kwa njia ile ile, kiasi kwamba majirani walianza kunong'ona kuwa kijana anazuru nyumba za makahaba. Uani kwa Azato hapakuwa na mambo mengi. Mwanafunzi alitakiwa kurudia kata moja, yaani mfululizo mmoja wa mapigo, kinga na hatua, usiku baada ya usiku, mwezi baada ya mwezi. Mwalimu aliketi barazani akitazama, hasemi ila kidogo sana, na aghalabu neno lake lilikuwa ni kuamuru irudiwe. Kata tatu ambazo leo huitwa Tekki zilimchukua Funakoshi takriban miaka 10.

Kwa mtazamaji wa leo, miaka 10 ya kurudia hatua chache za kwenda upande na kurudi ni adhabu. Lakini hapo ndipo ilipo elimu ambayo wakuu wa karate waliithamini kuliko ngumi. Anayerudia jambo moja mara elfu hana tena jipya la kujifunza juu ya pigo lenyewe, hivyo huanza kujisikiliza mwenyewe. Huhisi uzito umeegemea unyayo upi, pumzi inakatika wapi, bega gani limekazwa na hofu, na nyonga ipi imechelewa nusu ya sekunde. Kijana aliyezaliwa mgonjwa alitambua baada ya miaka michache kuwa hakumbuki lini mara ya mwisho aliugua.

Kuna kisa kinachosimuliwa sana kumhusu. Tufani lilipokumba Shuri, alipanda juu ya paa akiwa karibu uchi, akashika jamvi nene mbele yake na kusimama kama mtu aliyempanda farasi, magoti yamepinda, akiupinga upepo. Alibwagwa chini na kuingia tope mwili mzima, akasimama tena. Kisa hicho kina ujana ndani yake, hilo halifichiki, lakini anayekisoma ataona kuwa hakuwa na mpinzani yeyote isipokuwa miguu yake mwenyewe.

Mchana alifundisha watoto. Mshahara wake wa mwanzo ulikuwa yen tatu kwa mwezi, nyumba ikiwa na watu wapatao kumi. Mkewe alilima mboga mchana na kufuma nguo usiku, na alipochoka sana alitoka uani akafanya kata, kwani naye alikuwa amejifunza kwa kutazama. Zaidi ya mara moja Funakoshi alikataa kupandishwa cheo kwa sababu cheo kingempeleka vijiji vya mbali, mbali na Azato na mwalimu wake wa pili, Anko Itosu. Alibaki mwalimu wa kawaida kwa zaidi ya miaka 30.

Itosu ndiye aliyeitoa karate gizani. Mwanzoni mwa karne ya 20 alifaulu kuiingiza katika shule za Okinawa kama somo la mazoezi ya viungo. Machi 1921, mwanamfalme Hirohito alipopita Okinawa akielekea Ulaya, alionyeshwa karate katika kasri la Shuri, na aliyeongoza maonyesho hayo alikuwa Funakoshi. Katika kipindi hicho wakuu wa elimu walimtaka aende kuongoza shule katika kisiwa cha mbali. Mama yake alikuwa mgonjwa kitandani. Alikataa, na safari hii akaacha kazi.

Mwaka 1922 wizara ya elimu iliandaa maonyesho ya michezo jijini Tokyo, na Okinawa ikamchagua yeye kuiwakilisha. Alibeba picha za mikao na mapigo zilizobandikwa katika karatasi ndefu, akanuia kurudi nyumbani mara tu maonyesho yakiisha. Jigoro Kano, mwasisi wa judo na mmoja wa wakuu wa elimu nchini, alimwalika aonyeshe sanaa yake katika ukumbi wake wa Kodokan, kisha akamwomba asiondoke. Wengine nao wakamwomba, akiwemo mchoraji Hoan Kosugi. Funakoshi akaahirisha safari. Akaahirisha tena. Hatimaye alimwandikia mkewe akimtaka amfuate Tokyo.

Mkewe alikataa. Makaburi ya wazee yalikuwa Okinawa, na ibada ya wahenga ilikuwa wajibu wake, basi hangeweza kuyaacha pasipo mtu. Wanaoishi jirani na Kaya Kinondo, ambako Wadigo wamelinda msitu wa mababu kwa vizazi, hawahitaji kuelezwa uzito wa jibu hilo. Waandishi wengi wa karate hupita hapa haraka ili wafike kwenye ushindi, nao hukosea. Uamuzi wa mtu wa miaka 53 kufuata wito wake ulilipiwa na watu wawili, na mmoja wao alilipa akiwa mbali, kwa miaka zaidi ya 20.

Tokyo haikumpokea kwa zulia. Alipata chumba kidogo katika bweni la Meisei Juku, makao ya wanafunzi kutoka Okinawa, na akaruhusiwa kufundishia ukumbini wakati wenyewe hawautumii. Kwa malipo ya kukaa, alifagia ua na vyumba, akalinda lango. Alimshawishi mpishi wa bweni ajifunze karate ili ampunguzie bei ya chakula. Fedha zilipokwisha kabisa, alipeleka kwa mweka rehani kofia yake kuukuu na vazi lililofumwa Okinawa, akashangaa kupewa fedha nyingi kuliko thamani yake. Baadaye alibaini kwamba ndugu mdogo wa karani wa duka hilo alikuwa mwanafunzi wake.

Siku moja mwandishi wa gazeti alifika kumtafuta bingwa wa karate na kumkuta mzee anafagia. Alimwuliza mzee huyo bingwa yuko wapi. Mzee akamwomba asubiri kidogo, akaingia ndani, akavaa kimono cha heshima, akatoka na kujitambulisha.

Ni rahisi kukichukulia kisa hicho kuwa kichekesho. Lakini kwa aliyekuwa mwalimu mheshimiwa, mzaliwa wa ukoo bora, kushika ufagio mbele ya vijana wa rika la wanawe hakukuwa mchezo. Aliyezoea kuchunguza mahali bega linapokazwa na hofu hushindwa kutoona mahali moyo unapokazwa na kiburi. Kuanzia hapo mafundisho yake yalirudi mara kwa mara kwenye jambo hilo, kwamba karate huanza kwa kuinama na kumalizika kwa kuinama, na kwamba anayeijua hashambulii kwanza.

Septemba 1, 1923, tetemeko kubwa la ardhi liliangamiza sehemu kubwa ya Tokyo na Yokohama. Baadhi ya wanafunzi wake walifariki, na vibao vya kuchapishia kitabu chake cha kwanza, kilichotoka mwaka uliotangulia, viliteketea. Kwa muda alifanya kibarua katika benki ili apate riziki. Mwaka uliofuata, 1924, chama cha karate kilianzishwa katika Chuo Kikuu cha Keio, na vyuo vingine vikafuata.

Mabadiliko yaliyomletea maneno mengi ni ya jina. Karate iliandikwa kwa herufi yenye maana ya mkono wa China. Yeye akaandika herufi nyingine inayotamkwa vivyo hivyo lakini yenye maana ya utupu, na kitabu chake kikubwa cha 1935 kikalithibitisha hilo. Wazee wa Okinawa walilalamika kwamba anafuta historia, na lalamiko lao halikuwa la bure, kwani Japani ya wakati huo ilikuwa ikichochea chuki dhidi ya China. Mwenyewe alieleza kuwa mkono ni mtupu kwa kuwa haubebi silaha, na moyo nao unatakiwa uwe mtupu, usibebe ubinafsi.

Mwishoni mwa miaka ya 1930 wafuasi wake walichanga fedha na kumjengea ukumbi. Waliuita Shotokan, nyumba ya Shoto, jina alilotumia kutia saini mashairi yake. Maana yake ni mawimbi ya misonobari, ule uvumi wa upepo aliousikia ujanani akitembea peke yake mlimani karibu na Shuri. Aliyewahi kusimama chini ya mivinje ya pwani ya kusini wakati wa kusi anaujua uvumi huo.

Ukumbi haukudumu. Mwaka 1945 mabomu ya Marekani yaliuteketeza. Mwaka huo huo vita vya Okinawa viliangamiza watu wengi kisiwani na kubomoa kasri la Shuri. Mwanawe Yoshitaka, aliyekuwa mkono wake wa kulia, alikufa kwa kifua kikuu. Mkewe alikimbilia Kyushu kama mkimbizi, naye Funakoshi akamfuata huko. Hatimaye waliishi tena pamoja, kwa muda mfupi, katika umaskini. Mkewe alifariki mwaka 1947, na mzee akarudi Tokyo peke yake akiwa na miaka 79. Wanafunzi waliosalia walianza kumkusanyikia, na mwaka 1949 chama cha karate cha Japani kikaundwa, yeye akiwa mwalimu wake mkuu. Alifariki jijini humo Aprili 26, 1957, akiwa na umri wa miaka 88.

Karibu na mwisho wa maisha aliandika kumbukumbu zake, na humo alisimulia usiku mmoja wa miaka ya njaa baada ya vita. Alikuwa amekaribia miaka 80, anarudi kutoka kwenye baraza la mashairi, mkononi ana mwavuli na chombo cha chakula kilicho tupu. Mwizi akamrukia gizani. Mzee alijipinda, akamkamata sehemu za siri na kumshikilia hadi polisi wa doria alipopita. Kijana yule alikuwa na sura ya askari aliyerudi vitani na kukosa kazi. Mtu mwingine angekisimulia kisa hicho kwa majigambo. Funakoshi aliandika kwamba aliona haya, kwa sababu mwili wake ulitangulia kutenda yale aliyokuwa amewakataza wanafunzi wake kwa miaka mingi.