Leakey: Alijua Gikuyu, mkoloni akafaidika

Ukitoka Gilgil kuelekea Nakuru, karibu na Elmenteita kuna Kariandusi. Ni pale Louis Leakey na wenzake walipochimbua mashoka ya mawe ya watu wa kale. Wengi tunamjua kwa hayo tu, lakini stori yake ina upande mwingine.

Alizaliwa Kabete mwaka wa 1903, mtoto wa wamishonari Waingereza. Alikua na vijana wa Kikuyu, akaongea Gikuyu kama mwenyeji. Kuanzia 1937, wazee walimweleza mila, mashamba na viapo vyao, naye akaandika yote.

Kumbe elimu hiyo ingekuwa silaha. Hali ya hatari ilipotangazwa Oktoba 1952, serikali ya mkoloni ilimtegemea kuwaelewa Mau Mau. Hata viapo vya "kuwasafisha" waliokula kiapo, yeye alikuwa nyuma ya wazo hilo. Kwenye kesi ya Jomo Kenyatta kule Kapenguria alikuwa mkalimani, hadi wakili Pritt alipopinga tafsiri yake akajitoa.

Mwanafalsafa Mfaransa Michel Foucault alifundisha kwamba elimu na mamlaka hulishana. Lakini Kenyatta pia aliandika kuhusu mila hizo hizo mwaka wa 1938, yeye akitetea ardhi ya watu wake.

Leakey alifariki 1972. Kitabu chake kikubwa kuhusu Wakikuyu kilitoka 1977, cha Kiingereza.

Kwa hivyo mtu akija mtaani na fomu ya utafiti, muulize kwanza: majibu yetu yanaenda kwa nani?