Grantly Dick-Read: Daktari aliyesema hofu ndiyo huzidisha uchungu wa uzazi

KINA mama wajawazito ambao siku hizi hufundishwa kupumua polepole, kulegeza misuli na kutuliza fikra kabla ya siku ya kujifungua, wengi wao hawajapata kusikia jina la Grantly Dick-Read.

Hata hivyo, popote mafunzo hayo yanapotolewa, sehemu kubwa ya mizizi yake imo katika kazi ya daktari huyo Mwingereza aliyefariki mwaka wa 1959.

Ni yeye aliyewaambia madaktari wenzake kwamba uchungu mwingi wa uzazi hutokana na hofu, na kwamba hofu hiyo inaweza kuondolewa kwa elimu, utulivu na mtu wa kukaa karibu na mama. Katika kutetea dai hilo aliwataja sana wanawake wa Afrika, akiamini kwamba wao huzaa bila woga.

Kwa wakazi wa Kisumu na fuo za Ziwa Victoria, ambako kila familia ina kisa chake cha uzazi, madai hayo mawili yanafaa kupimwa kando kando. La kwanza limethibitika kwa kiasi kikubwa. La pili halina msingi.

Dick-Read alizaliwa Januari 26, 1890 katika mji mdogo wa Beccles, eneo la Suffolk mashariki mwa Uingereza. Baba yake alikuwa msaga nafaka. Alisomea Chuo Kikuu cha Cambridge, kisha akajifunza udaktari katika Hospitali ya London iliyoko Whitechapel, mtaa uliokuwa wa watu maskini mno.

Ni katika mtaa huo, akiwa bado kijana, ambapo aliitwa usiku mmoja wa mvua kumhudumia mwanamke aliyekuwa akijifungua katika chumba duni. Kama ilivyokuwa desturi, alimpa barakoa yenye klorofomu ili asisikie uchungu.

Mwanamke huyo aliikataa kwa upole, akajifungua kwa utulivu. Baadaye alipoulizwa sababu, alieleza kwa haya kwamba hakuwa ameumia, wala hakudhani kwamba alipaswa kuumia. Jambo hilo lilimkaa daktari huyo moyoni maisha yake yote.

Wakati huo klorofomu ilikuwa imetumika katika uzazi kwa zaidi ya miaka 60. Daktari James Young Simpson wa Edinburgh ndiye aliyeianzisha mwaka wa 1847, na Malkia Victoria, ambaye ziwa letu lilipewa jina lake na wageni, aliitumia mwaka wa 1853 alipomzaa mwanawe Leopold. Tangu hapo, wanawake wenye uwezo waliiona kuwa haki yao.

Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia vilimkuta Dick-Read akiwa amehitimu tu. Alitumikia jeshi kama daktari na akajeruhiwa vibaya huko Gallipoli. Akiwa mgonjwa, aling'amua jinsi upweke na woga vinavyoweza kuongeza mateso ya mwili.

Baadaye alipelekwa Ufaransa kuhudumu pamoja na kikosi cha wapandafarasi kutoka India. Inasimuliwa kwamba mwanajeshi mmoja wa Kihindi ndiye aliyemfundisha namna ya kulegeza mwili kiungo baada ya kiungo hadi akili nayo itulie. Mbinu hiyo ya Mashariki ndiyo aliyokuja kuwafundisha wajawazito wa Uingereza.

Vita vilipokwisha alirejea katika utabibu na hatimaye akafungua kazi mjini Woking, kusini-magharibi mwa London. Huko alianza kuwatazama kina mama kwa makini na kuandika aliyoyaona: nani alipiga mayowe, nani alitulia, na kila mmoja alikuwa ameambiwa nini kuhusu uzazi tangu utotoni.

Matokeo yake yalikuwa kitabu kilichotoka mwaka wa 1933 kuhusu uzazi wa asili. Hoja yake kuu ilikuwa rahisi. Mama mwenye hofu hukakamaa; anapokakamaa, misuli ya mfuko wa uzazi hushindana na mlango wa kizazi unaokataa kulegea; mashindano hayo huleta maumivu, na maumivu huzidisha hofu. Mzunguko huo hujirudia mpaka mama anachoka.

Baadhi ya maelezo yake kuhusu misuli hayakuthibitishwa na sayansi iliyofuata. Lakini inajulikana sasa kwamba mtu anapoogopa mwili hutoa adrenalini kwa wingi, na kwamba hali hiyo inaweza kudhoofisha kazi ya oksitosini, homoni inayosukuma leba.

Madaktari wengi walimdhihaki. Wengine walimwona kama mtu anayetaka kuwanyima kina mama dawa, ingawa hakuwa na nia hiyo. Alisisitiza kwamba dawa ya kutuliza maumivu iwepo karibu, na kwamba mama anayeihitaji apewe.

Alichotaka ni mama aandaliwe mapema. Katika mafunzo yake, mjamzito alielezwa jinsi mtoto anavyokua na hatua za leba zinavyofuatana. Alizoezwa kupumua, kisha kulegeza uso, mabega, mikono na miguu. Zaidi ya yote, Dick-Read alishikilia kwamba mama aliye katika leba asiachwe peke yake hata kidogo.

Kitabu chake cha pili kilitoka Uingereza mwaka wa 1942 na Marekani mwaka wa 1944, na ndicho kilichompa umaarufu duniani. Kilisomwa na wanawake wengi waliokuwa wamechoshwa na uzazi wa hospitali, ambako walilazwa usingizi na kuamka wakiwa na mtoto wasiyekumbuka kumzaa.

Mwishoni mwa miaka ya 1940 alihamia Johannesburg, Afrika Kusini. Kabla ya kurudi kwao alisafiri katika sehemu mbalimbali za bara hili akichunguza namna wanawake wanavyojifungua, na mwaka wa 1955 akachapisha kitabu kuhusu safari hiyo.

Hapo ndipo udhaifu wake ulipojitokeza. Kama Wazungu wengi wa zama zake, alimwona Mwafrika kuwa mtu aliye karibu na maumbile, asiyeguswa na wasiwasi wa watu wa mijini. Aidha, aliamini kwamba kuzaa ndiko kilele cha maisha ya mwanamke, imani ambayo wanawake wengi waliomfuata waliikataa.

Laiti angalikaa na wakunga wa jadi wa fuo za ziwa, ambao Waluo huwaita nyamrerwa, pengine angaliandika mambo mengine. Mkunga huyo hakuwa mtu wa kuamini kwamba uzazi ni jambo jepesi. Alijua kwamba mama anaweza kufa.

Ushahidi upo hata katika majina ya watu. Miongoni mwa Waluo, Achieng huzaliwa jua likiwa utosini, Otieno usiku, Okoth mvua ikinyesha. Lakini wapo pia Owino na Awino, waliozaliwa wamezungukwa na kitovu, na Ouma na Auma, waliotoka uso ukielekea chini. Jamii inayohifadhi hatari za uzazi katika majina ya watoto wake haiwezi kusemwa kwamba haikuwa na hofu.

Ilichokuwa nacho ni watu wa kukaa na mama. Hilo ndilo Dick-Read aliloliona kwa usahihi, ingawa alikosea kulieleza. Utulivu aliodhani umetokana na maumbile, mara nyingi ulitokana na mikono ya wanawake wenzake waliomzunguka.

Miaka ambayo jina lake lilivuma zaidi jijini London ndiyo miaka ambayo muuguzi kijana kutoka Asembo, Grace Ogot, alikuwa huko akijifunza zaidi uuguzi na ukunga baada ya mafunzo yake ya Mengo, Uganda. Alirejea na kufundisha ukunga katika Hospitali ya Maseno, kabla ya kuwa mwandishi na mwanasiasa mashuhuri. Wakunga wa aina yake walilazimika kuunganisha elimu ya hospitali na mila za nyumbani, kazi ambayo Dick-Read hakuifanya.

Mwaka wa 1956 chama cha kutetea uzazi wa asili kiliundwa Uingereza naye akawa rais wake wa kwanza. Mwaka huo huo, Papa Pius wa Kumi na Mbili alitangaza kwamba kuzaa bila maumivu hakupingani na imani ya Kikristo, tangazo lililowaondolea wasiwasi Wakatoliki waliodhani uchungu ni amri ya Mungu. Mwaka wa 1957, filamu yake ya uzazi ilionyeshwa katika televisheni ya BBC.

Alifariki Juni 11, 1959 katika eneo la Norfolk, akiwa na umri wa miaka 69.

Wakati huo tayari alikuwa na washindani. Madaktari wa Muungano wa Kisovieti walikuwa wamebuni mbinu yao ya kuandaa akili ya mjamzito, na Mfaransa Fernand Lamaze aliyeiona huko mwaka wa 1951 akaieneza Ulaya. Muungano huo huo ndio uliosaidia kujenga hospitali kuu ya Kisumu katika miaka ya 1960, ambayo wakazi waliizoea kwa jina la Russia na sasa inaitwa Jaramogi Oginga Odinga.

Nchini Marekani, Marie Mongan aliyekuwa amesoma kitabu cha Dick-Read alichanganya mafunzo hayo na hipnosi, yaani hali ya utulivu mzito ambamo mtu huwa macho lakini fikra zake zimeelekezwa mahali pamoja. Mwishoni mwa miaka ya 1980 alianzisha mbinu aliyoiita HypnoBirthing, ambayo imeenea katika nchi nyingi.

Je, mbinu hiyo hufaa? Utafiti mmoja uliofanywa Uingereza na kuchapishwa mwaka wa 2015 uliwahusisha wanawake 680 waliokuwa wakitarajia mtoto wa kwanza. Waliofundishwa hipnosi waliomba sindano ya ganzi ya mgongoni karibu sawa na wenzao, ila hofu waliyoipata wakati wa kujifungua ilikuwa ndogo kuliko walivyotarajia.

Ushahidi wenye nguvu zaidi ni ule wa kutomwacha mama peke yake. Uchambuzi wa tafiti 26 zilizohusu zaidi ya wanawake 15,000, uliotolewa mwaka wa 2017, ulionyesha kwamba wenye mtu wa kuwaliwaza muda wote huelekea kuwa na leba fupi na upasuaji mchache. Mwaka wa 2018 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kwamba kila mama awe na mwandani amtakaye, na kwamba apewe nafasi ya kutumia mbinu za kupumua na kulegeza misuli.

Hapa Kenya, serikali iliondoa malipo ya kujifungua katika hospitali za umma Juni 2013. Wanawake wanaojifungulia katika vituo vya afya waliongezeka kutoka takriban 6 kati ya 10 mwaka wa 2014 hadi 8 kati ya 10 mwaka wa 2022.

Lakini kufika hospitalini si mwisho wa hofu. Utafiti uliofanywa katika vituo 13 vya kaunti tano, Kisumu ikiwemo, na kuchapishwa mwaka wa 2015, ulibaini kwamba mwanamke 1 kati ya 5 alihisi kudhalilishwa kwa namna fulani alipokuwa akijifungua. Mama aliyefokewa au kuachwa peke yake hawezi kuambiwa tu avute pumzi.

Vivyo hivyo, hakuna utulivu unaozuia damu kuvuja, kifafa cha mimba au mtoto kukwama njiani. Mama wa kisiwa cha Mfangano anayeshikwa na uchungu usiku anahitaji mashua, mafuta ya injini na mkunga aliyehitimu upande wa pili. Hofu yake ina sababu, na sababu hizo huondolewa kwa huduma.

Dick-Read alifundisha kwamba hofu ni adui wa mama mzazi, na katika hilo miaka imemtetea. Kilichobaki ni kuitenga hofu inayotokana na kutojua, ambayo mafunzo na mwandani mwema huweza kuituliza, na ile inayotokana na hatari ya kweli. Hiyo ya pili haiondoki kwa mazoezi ya kupumua. Huondoka pale mjamzito anapokuwa na hakika kwamba atakapofika katika kituo cha afya atampata mtu, na kwamba mtu huyo atakaa naye.