Tom Mboya: Aliyekosa karo akafungulia mamia njia ya elimu ng'ambo

WAKENYA wengi humkumbuka hayati Thomas Joseph Mboya kwa ufasaha wake na kwa risasi zilizomuua jijini Nairobi mnamo 1969. Hata hivyo, huenda kazi yake iliyozaa matunda ya kudumu zaidi ni ile ya kuwatafutia vijana ufadhili wa masomo.

Mboya alizaliwa Agosti 15, 1930, Kilima Mbogo karibu na Thika, ambako babake, Leonard Ndiege, alikuwa mfanyakazi katika shamba la mkonge. Alisomea shule za misheni, zikiwemo Kabaa na Yala, kisha akajiunga na Mang'u. Huko ndiko umaskini ulikomkatizia safari. Familia haikumudu karo, naye akaacha shule na kwenda Kabete kusomea kazi ya ukaguzi wa afya.

Alipoajiriwa na baraza la jiji la Nairobi, aligeukia utetezi wa wafanyakazi. Kufikia 1953 alikuwa katibu mkuu wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi nchini. Miaka miwili baadaye, ufadhili ulimpeleka Ruskin College mjini Oxford, chuo kilichowapokea watu wazima wasio na vyeti vya juu. Mlango aliofungiwa akiwa kijana ulimfungukia kwa hisani ya wengine.

Aliporejea 1956, baada ya kuzuru Marekani, aliikuta Kenya ikiililia elimu. Makerere ndicho kilichokuwa chuo kikuu cha Afrika Mashariki na nafasi zake zilikuwa haba. Uhuru ulikuwa ukibisha hodi, lakini wangetoka wapi mahakimu, wahandisi na wakuu wa idara?

Vyuo kadhaa vya Marekani vilikubali kuwasomesha Waafrika bila malipo au kwa gharama nafuu. Kizingiti kilikuwa nauli. Mnamo 1959 Mboya alizunguka Marekani akihutubia na kuchangisha fedha, akisaidiwa na rafikiye William Scheinman pamoja na watu mashuhuri kama Jackie Robinson, Harry Belafonte na Sidney Poitier. Hapa nyumbani, Dkt Gikonyo Kiano na Kariuki Njiiri walishirikiana naye, huku wanavijiji wakichanga walichojaliwa ili watoto wao wasafiri.

Septemba mwaka huo, ndege ya kwanza iliondoka Nairobi ikiwa na wanafunzi 81.

Wakoloni hawakufurahia. Walidai kwamba vyuo hivyo vilikuwa hafifu. Mwaka uliofuata, serikali ya Marekani nayo ilikataa kugharamia usafiri, na mamia ya vijana waliokwisha kupata nafasi wakawa hatarini kuzipoteza. Julai 1960 Mboya alimwendea Seneta John F. Kennedy nyumbani kwake Hyannis Port. Wakfu wa familia ya Kennedy ulitoa dola 100,000, na safari zikaendelea.

Miongoni mwa waliosafiri mwaka huo alikuwa Wangari Maathai, aliyesomea Kansas na mnamo 2004 akatuzwa Nobeli ya Amani. Barack Obama, babake rais wa 44 wa Marekani, hakuwa ndani ya ndege ya 1959 kama inavyodhaniwa mara nyingi; alikwenda Hawaii kwa njia nyingine, ingawa Mboya alikuwa rafiki yake.

Kufikia 1963, wanafunzi wapatao 800 wa Afrika Mashariki na maeneo jirani walikuwa wamenufaika. Wengi walirudi kujaza ofisi, madarasa na maabara zilizoachwa na wakoloni.

Mboya mwenyewe alihudumu kama waziri, ikiwemo katika wizara ya mipango ya uchumi. Julai 5, 1969, alipigwa risasi akitoka katika duka la dawa. Alikuwa na umri wa miaka 38. Alizikwa kisiwani Rusinga.

Leo sanamu yake imesimama Moi Avenue, karibu na mahali alipouawa, na chuo kikuu cha umma Homa Bay kina jina lake. Yule aliyeacha shule kwa kukosa karo hakuwahi kupata shahada ya chuo kikuu, lakini waliozipata kwa juhudi zake ni mamia.