Maisha ya Henri Dunant na Somo la Huduma ya Kwanza

Wengi wetu tumekwisha kuiona alama ya msalaba mwekundu juu ya kitambaa cheupe. Tumeiona penye mafuriko, penye kambi za wakimbizi na penye viwanja vya michezo. Lakini ni wachache wanaomjua mtu ambaye fikira zake ndizo zilizoizaa kazi hiyo. Mtu huyo ni Henri Dunant. Maisha yake yafaa kusomwa na kila mwanafunzi, kwa kuwa yanatusaidia kulijibu swali ambalo walimu na wazazi huulizana: Je, huduma ya kwanza ifundishwe shuleni, au waachiwe waganga na wauguzi peke yao?

Dunant alizaliwa tarehe 8 Mei, 1828, katika mji wa Geneva, nchi ya Uswisi. Wazazi wake walikuwa watu wenye uwezo na wacha Mungu, nao walimzoeza tangu utoto kuwajali maskini na wagonjwa. Masomoni hakung'aa, aliondoka shuleni kwa sababu alama zake zilikuwa mbaya, akaenda kujifunza kazi ya fedha. Hata hivyo hakukaa bure. Siku za mapumziko alikwenda kuwatembelea wafungwa gerezani, na mwaka 1852 aliwaongoza wenzake kuanzisha katika Geneva chama cha vijana Wakristo, kile kinachojulikana duniani kote kwa jina la YMCA.

Kazi yake ikampeleka Algeria, ambayo siku zile ilikuwa koloni la Ufaransa. Huko alianzisha shughuli za kilimo na kinu cha kusagia nafaka. Lakini wakubwa wa koloni walikawia kumpa ardhi na maji aliyoyahitaji. Basi akakata shauri kwenda kumwona Kaisari wa Ufaransa mwenyewe, Napoleon III, ili amweleze shida yake. Wakati huo Kaisari alikuwa Italia ya kaskazini, akipigana vita pamoja na jeshi la Sardinia dhidi ya Austria. Dunant akafunga safari kumfuata huko.

Jioni ya tarehe 24 Juni, 1859, alifika katika mji mdogo wa Castiglione. Siku ile ile, karibu na hapo, mahali panapoitwa Solferino, majeshi makubwa yalikuwa yamepigana tangu alfajiri mpaka usiku. Waliokufa, waliojeruhiwa na waliopotea walikaribia 40,000. Majeruhi waliletwa Castiglione kwa maelfu, wakalazwa makanisani, majumbani na njiani juu ya majani makavu. Waganga walikuwa wachache mno. Watu walikufa kwa kiu, kwa kutokwa damu, na kwa vidonda ambavyo hakuna aliyeviosha wala kuvifunga.

Dunant hakuwa mganga. Alikuwa mfanyabiashara aliyevaa suti nyeupe, naye alikuwa amekuja kwa haja yake mwenyewe. Lakini alipoona mambo yale, haja yake aliiweka kando. Akawakusanya wanawake na vijana wa mji, wakachota maji, wakaosha vidonda, wakafunga bendeji na kuwanywesha watu supu. Akamtuma mwendesha gari lake mji wa Brescia kununua mashati, malimau, sukari na vitu vingine vya kuwafaa wagonjwa. Wanawake wa Castiglione walimhudumia Mfaransa na Mwaustria sawasawa, bila kuuliza nani ni adui.

Tufikiri kidogo hapa. Moyo wa huruma ulikuwapo, na watu wa kusaidia walikuwapo. Kilichokosekana ni maarifa na matayarisho. Watu wale wema hawakujua namna ya kuzuia damu, wala namna ya kumwinua aliyevunjika mfupa bila kumwongezea maumivu. Baada ya siku chache wengi walichoka, na majeruhi wakaendelea kufa. Dunant aliliona jambo hili kwa macho yake, wala hakulisahau.

Alirudi kwao akaandika kitabu juu ya Solferino. Mwaka 1862 alichapisha nakala 1,600 kwa fedha zake mwenyewe, akazipeleka kwa wafalme, majenerali na watu wenye sauti katika Ulaya. Katika kitabu hicho hakuishia kulia. Alitoa shauri kwamba kila nchi, wakati ingali katika amani, iwe na chama cha watu wa kujitolea walioandaliwa na kufundishwa kuwahudumia majeruhi. Tena alishauri nchi zipatane kwa mkataba ili watu hao wasidhuriwe.

Watu wanne wa Geneva walikubali kushirikiana naye: Gustave Moynier, Jenerali Dufour, na waganga wawili, Louis Appia na Théodore Maunoir. Mwezi wa Februari 1863 watano hao waliunda halmashauri ambayo baadaye ikawa Halmashauri ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu. Tarehe 22 Agosti, 1864, nchi 12 zilitia sahihi Mkataba wa kwanza wa Geneva.

Pengine msomaji atadhani ya kuwa toka hapo Dunant aliishi kwa raha na heshima. Sivyo. Alipokuwa akihangaikia majeruhi, biashara yake ya Algeria ilidhoofika, na mwaka 1867 akafilisika, akiwatia hasara na watu waliomwamini. Alitoka Geneva asirudi tena. Akatoka pia katika halmashauri aliyoiasisi. Kwa miaka mingi alihama mji hata mji, hana chakula cha kutosha, akipaka wino koti lake lililochakaa ili weupe wa nyuzi usionekane. Mwaka 1887 alifika kijiji cha Heiden, Uswisi, hali mgonjwa, na tangu mwaka 1892 akakaa katika chumba kimoja cha hospitali ya pale.

Dunia ilimsahau mpaka mwaka 1895, mwandishi mmoja wa gazeti alipomkuta na kuandika habari zake. Mwaka 1901, Tuzo ya Nobel ya Amani ilipotolewa kwa mara ya kwanza, alipewa yeye pamoja na Mfaransa Frédéric Passy. Fedha zile hakuzitumia kwa anasa. Katika wosia wake aliacha fungu la kugharimia kitanda cha bure kwa wagonjwa maskini wa Heiden. Alifariki tarehe 30 Oktoba, 1910, akiwa na umri wa miaka 82. Siku aliyozaliwa, tarehe 8 Mei, ndiyo siku ya Msalaba Mwekundu duniani kote.

Kazi yake ilifika kwetu pia. Mwaka 1962, Bunge la Tanganyika lilipitisha sheria ya kuunda chama chetu wenyewe cha Msalaba Mwekundu. Kuwafundisha raia huduma ya kwanza ni mojawapo ya kazi zake.

Sasa turudi kwenye swali letu. Wako wanaosema kwamba ratiba ya masomo imekwisha kujaa, na kwamba mwanafunzi mwenye maarifa machache aweza kumdhuru mgonjwa. Hoja hizo zina uzito. Lakini mtu asiyefundishwa huduma ya kwanza haachi kugusa majeruhi. Humgusa vivyo hivyo, kwa kubahatisha. Humwinua mwenye mgongo uliovunjika kwa kumvuta mikono. Humnywesha maji aliyezimia. Humtia kijiko kinywani mwenye kifafa. Humpaka dawa ya meno aliyeungua, badala ya kumpoza kwa maji safi yanayotiririka. Sehemu kubwa ya somo hili ni kujua yale yasiyotakiwa kufanywa, na hayo hayahitaji miaka ya chuo.

Sisi wa Njombe na Makambako tuna sababu zetu. Pale Makambako barabara kuu ya Dar es Salaam na Tunduma hukutana na barabara ya kwenda Njombe na Songea, na malori hupita usiku na mchana. Katika misitu yetu watu hupasua mbao kwa misumeno ya mashine. Wakati wa baridi, wako wanaoingiza jiko la mkaa chumbani na kufunga madirisha. Hewa ya sumu isiyo na harufu huwalevya wakiwa usingizini. Anayejua atafungua milango na kumtoa mtu nje upesi, akiangalia asizidiwe yeye mwenyewe. Asiyejua atadhani mwenzake amelala tu.

Tena tukumbuke Rhotia, wilaya ya Karatu, tarehe 6 Mei, 2017. Basi la wanafunzi wa shule ya msingi lilitumbukia bondeni, wakafa watoto 32, walimu wawili na dereva. Watoto watatu walipona. Wasafiri waliokuwa wakipita, ambao miongoni mwao walikuwamo watu wenye ujuzi wa uuguzi, waliteremka bondeni wakawahudumia. Hao walipita kwa bahati. Je, ni haki tuiachie bahati kazi hiyo?

Hatuhitaji mambo makubwa kuanza. Saa moja kwa juma, mkufunzi wa Msalaba Mwekundu au mwuguzi wa zahanati ya karibu, vitambaa safi vya kufungia, na sanduku la dawa lisilofungiwa ofisini wakati wa michezo. Maskauti wamekuwa wakijifunza hivyo miaka mingi. Yafaa darasa zima lijifunze, wavulana kwa wasichana.

Wahenga walisema ajali haina kinga. Ni kweli. Lakini kati ya ajali na hospitali kuna dakika nyingi, na katika dakika hizo majeruhi humtegemea yule aliye karibu naye. Pale Castiglione aliyekuwa karibu alikuwa na huruma, ila hakuwa amefundishwa. Dunant aliutoa utajiri wake na jina lake ili jambo hilo lisirudiwe. Basi wazazi na walimu walifikirie shauri hili, nasi wanafunzi tuwe wa kwanza kuomba kufundishwa.