Mwalimu Nyerere, Mkuu wa Chuo

Wengi wetu tunaosoma falsafa seminarini tulizaliwa baada ya Mwalimu Julius Kambarage Nyerere kufariki, tarehe 14 Oktoba 1999. Tunamfahamu kama Baba wa Taifa na kama Mtumishi wa Mungu. Leo tumtazame katika kazi isiyosimuliwa sana: uongozi wake wa chuo kikuu.

Alizaliwa Butiama mwaka 1922, mtoto wa Chifu Burito wa Wazanaki. Alianza shule Mwisenge, Musoma, akiwa na miaka 12. Akaendelea Tabora, kisha Makerere, alikosomea ualimu. Mwaka 1943 alibatizwa. Alifundisha Shule ya Mtakatifu Maria, Tabora, akaenda kusoma Edinburgh, na aliporudi akafundisha Pugu hadi mwaka 1955, alipoacha kazi kwa ajili ya TANU.

Mwaka 1963 kilianzishwa Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, naye akawa Mkuu wa Chuo wa kwanza. Kilikuwa chuo kimoja chenye makao matatu: Makerere, Nairobi na Dar es Salaam. Nchi zetu zilikuwa maskini, hivyo ziligawana kazi. Udaktari ulisomewa Makerere, uhandisi Nairobi, na sheria Dar es Salaam, katika chuo kilichoanza mwaka 1961 kwenye jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba.

Jaribu kubwa lilikuja Oktoba 1966. Serikali ilikuwa imeamua kwamba wahitimu watumikie Jeshi la Kujenga Taifa kwa miaka 2, huku wakikatwa sehemu kubwa ya mshahara. Wanafunzi wa Dar es Salaam waliandamana hadi Ikulu. Baadhi yao walibeba mabango yaliyosema kuwa wakati wa ukoloni ulikuwa afadhali. Mwalimu aliwasikiliza, akakasirika, akawarudisha makwao karibu wanafunzi 400.

Tunapojadili tukio hili baada ya masomo, hatukubaliani. Wapo kati yetu wanaoona adhabu ile ilikuwa kali mno kwa vijana waliokwenda kutoa hoja zao, na wengi wao kweli walirudishwa chuoni baadaye. Lakini sote tunasimama kwenye jambo moja. Wanafunzi walikuwa wamelalamikia mishahara minono ya wakubwa, na Mwalimu alikubali kwamba hapo walisema kweli. Siku ileile akaupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20.

Muungano wa vyuo vitatu haukudumu. Kila nchi ilitaka chuo chake, na mwaka 1970 vikatengana. Mwalimu akawa Mkuu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kilichokuwa na Mlimani, Muhimbili kwa udaktari na Morogoro kwa kilimo. Ndoto ya chuo kimoja cha Afrika Mashariki ilimponyoka, lakini hakuacha kudai kwamba msomi ana deni kwa mkulima aliyemsomesha.

Deni hilo linatugusa. Ada yetu inatoka katika sadaka za waamini, kwa shilingi za mama anayeuza mchicha na mavuno ya jumuiya ndogondogo. Tukilalamikia chakula cha bwaloni, tuna haki ya kusikilizwa. Ila kabla ya kulala tujiulize: sisi wenyewe tumepunguza nini?