Cardano, Bingwa wa Dadu Aliyelishwa na Udaktari

Kila bumu likiingia, hosteli inajaa hoja ileile: kuna wanaobeti kujifurahisha na kuna wanaobeti kama kazi, na hao wa pili eti wana hesabu zao. Basi leo nawaletea maisha ya jamaa aliyekuwa kati ya watu wa kwanza kabisa kuziandika hesabu hizo.

Girolamo Cardano alizaliwa Pavia, Italia, mwaka 1501, mtoto wa nje ya ndoa. Baba yake alifariki mwaka 1524 kijana akiwa bado anasomea udaktari, na urithi haukuwa wa maana. Dadu, karata na sataranji zikawa ndizo zinazomlisha. Na alikuwa mkali kweli. Aling'amua kwamba dadu mbili hutoa matokeo 36 na dadu tatu 216, akaandika kitabu kizima kuhusu michezo ya bahati. Kilichapishwa mwaka 1663, miaka 87 baada ya kifo chake.

Sasa tuone hesabu zenyewe. Kwake yeye, msingi wa mchezo ulikuwa usawa: dadu ya haki, masharti yaleyale kwa wote. Chukua dadu moja. Ukiweka shilingi 1,000 kwenye upande mmoja kati ya sita, haki ni upate 6,000 ukipatia. Mwenye mchezo akilipa 5,000, basi kwa wastani kila 6,000 unayotoa hurudi 5,000. Kuchagua upande kwa akili hakutakuokoa. Kampuni za mikeka huishi kwa pengo hilohilo.

Anayecheza kujifurahisha analipia starehe, kama kiingilio cha mpira. Anayesema ni kazi lazima awe na kitu kinachomfanya amzidi mwenzake. Cardano alikuwa nacho: alijua hesabu ambazo wapinzani wake hawakuzijua. Hata hivyo, baada ya kuoa, aliweka rehani vito vya mkewe na samani za nyumba, na familia ikaishia kwenye nyumba ya maskini Milano. Kule Venice aligundua karata zimetiwa alama, akamjeruhi mpinzani wake usoni kwa jambia. Mwenyewe alikiri kwamba alicheza dadu kwa takribani miaka 25, kila siku, na aliona aibu kulisema.

Mimi hapo ndipo naona jibu. Mtu mwenye kazi anajua saa ya kufunga duka. Cardano alijua hesabu za dadu, ila kusimama hakujua.

Kilichomtoa kimaisha ni vitabu na udaktari. Kitabu chake cha aljebra cha mwaka 1545 kilimpa jina Ulaya nzima, na mwaka 1552 alisafiri hadi Scotland kumtibu Askofu Mkuu John Hamilton, akalipwa dhahabu nyingi kwa safari hiyo moja.

Kamari haikuishia kwake. Mwanawe mdogo, Aldo, naye alikuwa mcheza kamari, akafikia kumwibia baba yake. Mzee akampeleka kwa wenye mamlaka, na Aldo akafukuzwa Bologna. Cardano alifariki Roma mwaka 1576.

Kwa hiyo ndugu yangu unayejiita mtaalamu, nina maswali mawili tu. Unamzidi mwenye mchezo kwa kitu gani? Na mara ya mwisho uliacha kucheza mfukoni bado kuna hela, ilikuwa lini?